Ukiambiwa "kwa heshima na taadhima" na mtu aliyekuzidi umri, unatakiwa uelewe nini?

#1 Mwana_Urambo
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, Mwanga, nauza spea za pikipiki. Mimi Mnyamwezi wa Urambo, mke wangu Mha wa Kasulu. Baba mkwe ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Meseji zake nazijua: "Mmeamkaje." "Dawa imeisha." "Mvua huko?" Basi. Leo mchana kanitumia hii, nainakili kama ilivyo:

"Mkwe wangu, nakuomba kwa heshima na taadhima ufike nyumbani Jumamosi asubuhi. Uje peke yako."

Nimeisoma nikiwa na mteja dukani, nikamrudishia chenji ya elfu kumi wakati kanipa elfu tano. Mke wangu anasema ni adabu tu, baba siku hizi anaandika vizuri. Jirani yangu wa duka anasema huo ni wito, tena wito mbaya.

Ila swali langu si la mkwe peke yake, ni la hilo neno. Mimi nilikua nikijua heshima inapanda, inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mkubwa akimwambia mdogo "kwa heshima na taadhima", hapo heshima inaelekea wapi? Anayejua aseme.

#2 Dagaa_Mbichi
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu, taadhima haina shida. Shida ipo kwenye "uje peke yako". Mahari umemaliza?

#3 Mwl_Kiloleni
Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Tabora hadi nikastaafu, niacheni niweke msingi kabla hamjauharibu uzi. "Kwa heshima" ni kielezi cha namna, kinajibu swali la "vipi". Vielezi vya namna vingi tunaviunda wenyewe. Ama tunaweka ki- au vi- mbele (kifalme, kitoto, vizuri), ama tunachukua "kwa" tunaipachika nomino: kwa haraka, kwa furaha, kwa heshima. Taadhima ni Kiarabu, kutukuza, na ndugu zake mnao kila siku mdomoni: adhimu, adhama, kuadhimisha, maadhimisho ya Uhuru.

Kwa hiyo mkweo anakuomba kwa kukustahi na kukutukuza. Maneno yenyewe hayana umri ndani yake. Angalia pia usichanganye na "kwa heshima ya", kama tunaposimama kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Hiyo inamlenga anayeheshimiwa. Yako inaeleza jinsi mzee anavyoomba. Kakuandikia Kiswahili fasaha, nenda ukanywe chai.

#4 Kinyozi_Ujiji
Mwalimu #3, shikamoo. Hiyo "kwa" si ndiyo ile ya "kata mkate kwa kisu"? Basi heshima nayo ni kifaa. Mkate umekatwa kwa kisu, Mwana_Urambo atakatwa kwa heshima.

#5 Dagaa_Mbichi
Uzi ufungwe hapo.

#6 Mwl_Kiloleni
Marahaba. "Kwa" ya kisu ni ya ala, "kwa" ya heshima ni ya namna. Umbo moja, kazi mbili. Ungekuwa darasani kwangu ningekutoa nje, halafu nicheke ukishatoka.

#7 Mama_Migebuka
Mimi nipo Kibirizi na dagaa na migebuka, sarufi nimewaachia nyie. Nasema ninachokiona mwaloni. Mteja wa taslimu hana maneno. Anachukua dagaa mmoja, anamvunja asikie kama kakauka, ananusa, anauliza bei, anaitukana bei, analipa, anaondoka. Wa mkopo anaanzia mbali. Shikamoo mama. Watoto hawajambo? Mzee miguu bado inamsumbua? Biashara inakwendaje na huu upepo? Akifika kwenye "mama yangu, naomba kwa heshima zote", mimi beseni nimeshalifunika.

Heshima ikirefuka, ujue na mkopo ni mrefu. Mkweo anataka hela. Jiandae.

#8 Karani_wa_Zamani
Kwa heshima, mama #7, sikubaliani. Na hapo hapo umeona kazi ya hilo neno. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika. "Kwa heshima" kule ni mlango wa kupinga. Wakili akisimama akaanza "Mheshimiwa, kwa heshima kubwa niliyonayo kwa msomi mwenzangu", msomi mwenzake anakunja uso kabla sentensi haijaisha, maana anajua sasa anachanwa. Mahakama za mwanzo tangu zamani ni Kiswahili, na 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama hadi za juu, kwa hiyo haya mtayasikia sana.

Bungeni ni yale yale. "Mheshimiwa Spika, kwa heshima na taadhima naiomba Serikali." Anaomba, sawa, lakini jimbo zima linamwangalia kwenye runinga. Waziri akikataa ombi lenye taadhima anaonekana yeye ndiye hana adabu. Hapo neno halimnyenyekei mtu, linambana kwenye kona.

#9 MC_Isevya
Jamani mnatuharibia soko. Mimi nashika kipaza sauti kwenye harusi hapa Tabora. Nikisema "kwa heshima na taadhima namkaribisha mgeni rasmi", sina deni wala kesi na mtu. Ile ni nafasi ya kuvuta pumzi. Unapata muda wa kumtafuta mgeni kwa macho, fundi muziki anashusha sauti, kamati inaficha chupa tupu. Kuna harusi mgeni rasmi alikuwa kaenda msalani na mimi nimeshaanza. Nikaongeza unyenyekevu mkubwa, nikaongeza upendo, nikaongeza furaha isiyo kifani, nimefika "kutoka uvungu wa moyo wangu" ndipo nikamwona anatokea anafuta mikono. Ukumbi mzima ulipiga makofi, wakasema leo MC kapanda.

Kwa hiyo wakati mwingine maana yake ni "subiri kidogo".

#10 Dagaa_Mbichi
Uvungu wa moyo 😂😂 Mkuu ungemaliza hadi maini.

#11 Mzee_wa_Mwembeni
Asalaam alaykum. Nipo Ujiji. Mwalimu #3 taadhima kaifasiri sawasawa, heshima kairuka. Hishma ya Kiarabu ipo karibu sana na haya, kujisitiri. Mtu mwenye mavazi ya kumsitiri ndiye mwenye hishma. Na sisi tumebaki nayo pale tunaposema "amevaa kiheshima". Hapo hatusemi amemheshimu mtu fulani, tunasema kajisitiri. Sasa rudini kwenye meseji. "Nakuomba kwa heshima" asili yake ni kama kusema nakuomba nikiwa na haya. Mimi huyo mzee simwoni mwenye hasira. Namwona ana jambo linalomtia aibu kulitamka.

La pili. Barua za zamani zilikuwa na baraza kabla ya kufika chumbani. Nilikuwa nasomewa za babu yangu, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zinaanza "Ila janabi", zinafuata sifa za anayeandikiwa, zinafuata salamu za kila aliyepo nyumbani, ndipo inakuja "wabaadu", yaani baada ya hayo, ndipo jambo lenyewe. Wakati mwingine jambo ni kuomba kipande cha nguo tu. Hakuna aliyeshtuka akauliza huyu ananisifia nini. Leo barua imekuwa mistari miwili ya simu, taadhima moja tu iliyosalia mnaikimbia.

#12 Mjukuu_wa_Kasulu
Mzee #11 shikamoo, umesema vizuri, ila tusisahau aliyeandika ni Mha. Kwetu heshima haikai kwenye neno la pembeni, imo ndani ya kitenzi. Asubuhi mkubwa huwezi kumwambia "wakeye". Unasema "mwakeye", kwa wingi, ingawa mbele yako kasimama mtu mmoja. Bibi yangu alikuwa anainama kidogo, anapiga viganja taratibu, pa, pa, pa, na havikomi hadi salamu iishe. Na salamu yenyewe haikuwa fupi: habari za watu, za ng'ombe, za mihogo, za mvua.

Mtu aliyelelewa hivyo akishika simu kuandika Kiswahili ile mwa- anaiweka wapi? "Ufike" ni ya mtu mmoja. Akiandika "mfike" utamletea ukoo mzima kwenye basi. Kwa hiyo anatafuta neno la kubeba vile viganja vyote, analipata: taadhima. Mimi nasema hajakuandikia Kiswahili cha mahakamani. Kakuandikia Kiha kwa maneno ya Kiswahili.

#13 Nyuki_Sikonge
Na sisi Wanyamwezi ni hivyo hivyo. Rika langu "wangaluka", mkubwa "mwangaluka". Ukimshukuru mwenzio "wabeja", mzee "mwabeja". Sasa Mwana_Urambo, siku ya kwanza ulimsalimia vipi huyo mzee? Isije ikawa ulimwambia mambo vipi.

#14 Mwana_Urambo
Nilimwamkia shikamoo kama binadamu wengine! #2, mahari ng'ombe nilimaliza, hela nilimaliza. Limebaki blanketi la bibi na mbuzi mmoja wa upande wa wajomba, na mshenga mwenyewe alisema hilo halina haraka.

#15 Dagaa_Mbichi
MBUZI!

#16 Mama_Migebuka
Nilisema hela, mkanibishia.

#17 Karani_wa_Zamani
Hapana, tusiende mbio. Ingekuwa mbuzi angetafutwa mshenga. Deni la mahari halipiti kwenye simu ya mkwe mwenyewe.

#18 Mjukuu_wa_Kasulu
#17 uko sahihi. Kwetu baba mzazi wa binti hajishushi kudai mbuzi kwa meseji. Angetumwa mtu, na huyo mtu angekuja na maneno ya kuzunguka hadi ukumbuke mbuzi wewe mwenyewe.

#19 Abiria_wa_Usiku
Mnahangaika bure, mleta mada alishasema mzee ni wa reli. Watu wa reli wanaongea hivyo tangu treni ilipofika Kigoma 1912. Nimepanda sana Tabora hadi Kigoma. Saa nane usiku umelala, unagongwa bega: "Ndugu abiria, kwa heshima naomba tiketi yako." Ukiwa huna tiketi heshima inaishia hapo hapo, unashushwa. Mzee alisema sentensi hiyo maisha yake yote ya kazi. Ni mazoea ya mdomo, haina maana yoyote ya ndani.

#20 Mwl_Kiloleni
1912 reli ilifika hapa Tabora. Kigoma ni 1914. Mengine endelea.

#21 Abiria_wa_Usiku
Sawa mwalimu. Tabora lazima mtangulie kwa kila kitu.

#22 Kidume_Ipuli
Kwa heshima zote wazee wangu, mimi nahoji huu utamaduni wenyewe. Taadhima, shikamoo, chini ya miguu yako, yote ni kujishusha. Shikamoo si inatokana na "nashika miguu"? Hapa kwetu na Ujiji ndiko njia ya misafara ilikopita. Tunaendeleza maneno ya watumwa halafu tunajisifu tuna adabu.

#23 Mzee_wa_Mwembeni
Kijana wangu, kuna wanaosema ni ya mtumwa kwa bwana, na kuna wanaosema ni ya mtoto kwa mzazi ndani ya nyumba za pwani. Kila upande una babu wa kumtaja. Na hao waliopita Ujiji wakavuka ziwa walijiita waungwana, ndiyo maana Kiswahili cha kule Kongo kikaitwa Kingwana. Kwa hiyo tukianza kuhesabu urithi wa njia hiyo, hesabu na uungwana.

#24 Mwl_Kiloleni
Kidume, uchungu wako si mpya. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, neno lililotawala ni "ndugu". Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Mkoa, hadi tarishi ni ndugu. Barua ya kikazi tulimalizia "wako katika ujenzi wa taifa". Ilipendeza. Halafu miaka ikageuka, "mheshimiwa" akarudi na viti vya mbele akavichukua. Ila taadhima haikuondoka hata enzi za ndugu. Nilisahihisha insha za barua muda wote huo, ilikuwemo.

Ninachokukatalia ni hiyo "kwa heshima zote". Hicho ni Kiingereza kilichovalishwa kanga. Heshima zote ngapi? Umezihesabu? Sema "kwa heshima kubwa", sema "kwa heshima na taadhima".

#25 Mjukuu_wa_Kasulu
Mwalimu, msibani si tunatoa "heshima za mwisho"? Zile nani alizihesabu?

#26 Kidume_Ipuli
😂 Asante #25. Nasubiri majibu ya mwalimu kwa heshima zote mbili.

#27 Mwl_Kiloleni
Heshima za mwisho ni matendo: unapita mbele ya jeneza, unainama, unaweka shada. Matendo yanahesabika. Ya Kidume ni hisia, na tena hana.

#28 Mama_Migebuka
Mimi nilisema "kwa heshima zote" kwenye #7 na dagaa waliuzwa.

#29 Katekista_Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Niongeze jambo dogo. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, pale panapofundisha namna ya kumjibu anayekuuliza habari za tumaini lako. Biblia ya Union inasema umjibu kwa upole na kwa hofu. Habari Njema inasema kwa upole na heshima. Mstari mmoja, watafsiri wa zamani wameona hofu, wa karibuni wameona heshima. Nilikuwa nawaambia vijana wa kipaimara kwamba wote wako sawa, maana mtu unayemheshimu unaogopa kumwudhi. Sasa mleta mada, huenda mkweo anakuogopa.

#30 Dagaa_Mbichi
Mkwe amwogope muuza spea?

#31 Nyuki_Sikonge
Wakwe wanaogopana pande zote, we hujaoa ndiyo maana. Baba yangu na mama mkwe wake wakikutana njiani mmoja alikuwa anaingia porini hadi mwenzake apite. Na hakuna aliyegombana na mwenzake. Mimi mkwe wangu tunakula meza moja lakini pilipili nikiitaka namwomba mke wangu, mke wangu anamwomba baba yake, na pilipili ipo mbele yake na mkono wangu unafika.

#32 Kinyozi_Ujiji
Hata hapa dukani. Kuna mzee mmoja, mtu mzima haswa, kila akikaa kwenye kiti ananiambia "mwanangu, kwa heshima zako, naomba usiniguse masharubu". Mimi mtoto wa juzi. "Heshima zako" anamaanisha nini? Zangu zipi? Lakini mkono wangu ukikaribia yale masharubu unapunguza mwendo wenyewe. Angeniambia "usiguse" ningesahau, kama wanavyosahauliwa wengine.

#33 Karani_wa_Zamani
#32 umenisaidia. Ndicho ninachosema. Mkubwa akitumia heshima kwa mdogo anampa cheo cha muda, na cheo kina wajibu. Kwa hiyo heshima inashuka, wajibu unapanda. Mleta mada alipouliza inaelekea wapi, jibu ni pande zote mbili.

#34 Mjukuu_wa_Kasulu
#33 hapo umeweka hesabu za mahakamani. Mzee anaweza kukustahi tu, basi, bila kukudai chochote. Bibi yangu alimpigia viganja hata kijana wa kuleta maji.

#35 Karani_wa_Zamani
Na maji yaliletwa?

#36 Mjukuu_wa_Kasulu
Yaliletwa 😂 ila sikubali.

#37 Mwana_Urambo
Wakuu, nimerudi kutoka Kasulu, nipo hai. Naandika haraka maana simu ina chaji kidogo.

Nimefika asubuhi, chai ipo, mihogo ipo. Mama mkwe hayupo, kaenda sokoni. Baadaye nimegundua mzee aliichagua Jumamosi kwa sababu hiyo. Tumekunywa chai kimya. Akasimama, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye banda la mbuzi, akaangalia njia mara mbili, akavuta turubai. Pikipiki! Kuukuu, kainunua kwa rafiki yake kwa hela ya mahindi. Mama hajui. Na haiwaki. Anaisukuma usiku anajaribu, haiwaki.

Nimeifungulia pale pale chini, spana kaazima yeye. Kabureta imejaa mchanga, mafuta yamegandia ndani, jeti imeziba kabisa. Plagi nyeusi tii. Nimepuliza, nimesafisha, nikakimbia mjini Kasulu kununua plagi, nikarudi. Kiki ya tatu ikanguruma, mbuzi wakakimbia wote. Mzee akaizima haraka akafunika. Nikamwuliza, baba, ungeniambia tu pikipiki mbovu, ningebeba plagi kutoka dukani. Akasema, "Ningeiandikaje?" Nikaondoka kabla mama hajarudi. Nimemwambia mke wangu baba alitaka ushauri wa mashamba.

#38 Dagaa_Mbichi
Uzi bora wa mwaka. Mbuzi wa wajomba alikuwemo kwenye lile banda?

#39 Mzee_wa_Mwembeni
Alhamdulillahi. Nilisema ni haya. "Ningeiandikaje?" Mmesikia wenyewe.

#40 Mama_Migebuka
Plagi kanunua nani?

#41 Mwana_Urambo
Mimi.

#42 Mama_Migebuka
Basi ni hela. Nauli yako, plagi yako, siku ya duka kufungwa. Mkopo usiolipwa.

#43 Karani_wa_Zamani
Na sasa anatunza siri dhidi ya mama mkwe, tena kamdanganya mkewe. Wajibu umepanda hadi darini. #34 upo?

#44 Mjukuu_wa_Kasulu
Nipo. Mzee alikuwa anaongea na fundi, si mkwe. Fundi ndiye aliyepewa taadhima, kwa sababu jambo hilo mzee haliwezi na kijana analiweza. Hapo umri umewekwa pembeni. Mimi naona hiyo ni heshima safi kuliko zote mlizotaja.

#45 Abiria_wa_Usiku
Au ni mazoea ya reli, kama nilivyosema. Mtu wa reli hata akiomba chumvi ataomba hivyo.

#46 Mwl_Kiloleni
Mna mzee mmoja na meseji moja, mmepata maana tano. Mtihani wa taifa ungekuwa hivi ningestaafu mapema.

#47 Kijana_Nzega
Samahani kuingilia. Naandika barua ya kuomba kazi ya muda, ya ukarani, nimeona wazee mpo. Nimeandika hivi: "Yah: Maombi ya kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima naomba kazi tajwa. Nina heshima kukuarifu kwamba nimemaliza kidato cha sita. Kwa heshima kubwa naambatanisha vyeti. Natanguliza shukrani kwa heshima na taadhima." Mnisaidie kumalizia, niandike "wako mtiifu" au "wako katika ujenzi wa taifa"?

#48 Mwl_Kiloleni
Ondoa ya pili, ya tatu na ya nne. Bakiza ya kwanza. Malizia "wako mtiifu".

#49 Mzee_wa_Mwembeni
Mimi ningebakiza ya kwanza na ya mwisho. Mgeni aliyebisha hodi akiingia na aage akitoka.

#50 Kidume_Ipuli
Ondoa zote. Andika unachokijua kufanya.

#51 MC_Isevya
Weka zote, na ongeza uvungu wa moyo.

#52 Karani_wa_Zamani
Kijana, nimefungua barua za namna hiyo kwa magunia. Weka taadhima unazotaka, lakini naona hapo umesahau namba ya simu. Kuna moja niliipokea ina taadhima nne, mwandiko mzuri wa kupendeza, mwombaji anafaa kabisa, na hakuna namba, hakuna anwani. Kazi akapewa wa pili yake, ambaye aliandika "naomba kazi" na namba mbili za simu.